Mstari Nisioufundisha

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya chuo chetu cha ukunga, Mganga Mkuu wa hospitali inayowapokea wanafunzi wetu, wakufunzi wenzangu, wakunga mliotoka zamu mkaja moja kwa moja na sare zenu, wanafunzi, hasa ninyi wa nyuma mnaotafuta kwa macho chakula kiko wapi, na wewe shemeji yetu, mume wa Bi Mishale, uliyetuazima mke wako miaka thelathini na mmoja na leo unarudishiwa: habari za mchana.

Mimi, mkuu wa chuo, nimepewa dakika kumi. Mnanijua kwa kuanza kwa wakati na kutomaliza kwa wakati, lakini leo nitajitahidi.

Jina hilo la Bi Mishale nilimpa mimi, na sikumpa kwa mapenzi. Alipohamia hapa hakuwa akijaza ubao maelezo kama sisi wengine. Aliandika neno moja katikati, akalizungushia duara, kisha akawauliza wanafunzi, "Haya, hili linagusana na nini?" Neno likazaa neno, na kila mshale wa kuyaunganisha ilibidi uandikwe juu yake unasema nini: unasababisha, unazuia, unahitaji. Yeye aliiita ramani ya dhana. Mimi niliiita michoro ya chekechea, tena mbele ya wanafunzi. Halafu zikaja chati zake za mtiririko: hatua, swali, ndiyo huku, hapana kule. Hata birika la chumba cha wakufunzi alilibandikia: "Je, lina maji? Ndiyo: chemsha. Hapana: jaza wewe, usimngoje mwenzio." Wote mnajua chati ile ilimlenga nani. Nilijitia hamnazo, lakini tangu siku ile birika najaza.

Sasa ndugu zangu, nivumilieni, maana yanayofuata si mzaha.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeanguka mara mbili mtihani wa kutokwa damu baada ya kujifungua. Wodini alikuwa na mikono mizuri. Akina mama walimwulizia yeye. Lakini karatasi ilimshinda, na kanuni yetu inasema anayeanguka mara mbili anarudi kwao. Nikaandika barua, nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Binti akakaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu, begi miguuni, akingoja bahasha. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Hakulia, alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa begi tu.

Bi Mishale akaingia bila kubisha hodi.

"Mkuu, nipe lisaa limoja na huyu mtoto kabla hujampa hiyo bahasha."

"Mwalimu, kanuni ni kanuni."

"Sijakwambia uivunje. Nimeomba lisaa."

Nikampa, ili aniondokee. Wakakaa kwenye meza ya katibu wangu, mlango wazi, nami nasikia kila neno. Akampa karatasi kubwa, akamwambia aandike "damu" katikati, kisha aweke kila anachokijua kuhusu mama aliyejifungua. Hakumsahihisha. Alinyamaza, na mnamjua Bi Mishale, kunyamaza kwake nako ni kufundisha. Baada ya muda mrefu nikasikia:

"Mwanangu, na huyu yatima wa pembeni? Kibofu cha mkojo. Umemwandika, hukumuunganisha na yeyote."

"Hahusiani na damu, mwalimu."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Kibofu tulisoma mwaka wa kwanza, damu mwaka wa pili. Ni madaftari mawili tofauti."

Wakunga mmeshaelewa. Kibofu kikijaa, kinauzuia mji wa mimba kujikaza. Nao usipojikaza, mama anavuja damu. Ni mstari mmoja tu, mfupi kama kidole, na maswali yote yaliyomwangusha yule binti yalikuwa yanazunguka hapo. Bi Mishale akaileta karatasi ile mezani kwangu, akaenda, akarudi na nyingine thelathini na nne ambazo darasa zima lilichora wiki iliyotangulia. "Hesabu mayatima mwenyewe, Mkuu." Nikahesabu. Vibofu ishirini na tisa vilikuwa pembeni, peke yake kila kimoja. Wenzake walifaulu kwa kukariri orodha. Yeye hakuweza kukariri asichokielewa.

Na nani alifundisha kibofu mwaka wa kwanza? Nani alifundisha damu mwaka wa pili, kwa maelezo yaleyale ya miaka nenda rudi, asiseme hata siku moja kwamba hivi viwili ni majirani? Ni mimi, ndugu zangu. Ni huyu anayesema nanyi.

Basi niliichana barua, nikamwita binti. Hapo nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Nilimwambia, "Tumekuonea huruma. Jaribu mara ya tatu." Bi Mishale alikuwa mlangoni. Alinitazama, asiseme kitu, na hajamwambia mtu hadi leo. Mwaka uliofuata niliyaunganisha masomo yale mawili, Bodi ikanipongeza kwa ubunifu! Mheshimiwa Mwenyekiti, pongezi ile naomba ihamie kwa mwenyewe, huyu hapa.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi hakuna aliyenivua, najivua mwenyewe. Shemeji, usishtuke, ni methali tu.

Bi Mishale, dada yangu, tutakukumbuka sana, na mimi zaidi ya wote. Ulikuwa na neno la kuniaibisha miaka kumi na moja, na hukulitoa hata siku zile tulizogombana mpaka katibu akafunga dirisha. Umenisitiri. Nakupenda kwa hilo, na nalisema mbele ya mumeo.

Na wewe uliyekaa safu ya tatu, ambaye leo ni mkunga kiongozi wa wodi ya wazazi. Kila mahafali unakuja kunipa mkono, unaniambia, "Asante Mkuu, kwa kunionea huruma siku ile." Nami kila mara nakujibu, "Usijali, mwanangu." Nimekula shukrani isiyo yangu. Leo, kabla mwalimu wako hajatoka kwenye geti letu, nataka usikie mbele yake na mbele ya Bodi: haikuwa huruma. Aliyeshindwa nilikuwa mimi, barua ukaandikiwa wewe. Nafasi ile ilikuwa haki yako, nami nikakupa kana kwamba ni zawadi. Nisamehe, mwanangu. Leo usije kwangu. Nenda kwa mama yako huyo, mimi nitasubiri zamu yangu nyuma yako.

Kwa masikio mliyoniazima, asanteni sana.