Miti ya Mama Virginie Ilikuwa na Majina

Wasikilizaji wapendwa, leo Butembo inamlilia Virginie Kahongya, wa mtaa wa Kimemi. Mama Virginie, mtafiti wa miti, alitutoka Jumapili kwa ugonjwa wa moyo.

Alitafuta alama za vinasaba za libuyu, mti wa mbao za thamani. Alama hizo zimo ndani ya jani na ndani ya ubao. Zinaonyesha mti ulizaliwa na mti gani, na ubao ulikatwa msitu gani. Narudia: ubao wenyewe unataja msitu wake. Ndiyo maana wengine, wenye mbao za wizi, hawakuipenda kazi hiyo.

Lakini alama hazipatikani bila majani. Na majani yalikuwa upande wa Oicha, ambako watu walikuwa wamezika ndugu zao waliouawa juzijuzi.

Bilali, dereva wake, anakumbuka. Siku moja, walipotoka msituni, walikuta njia imefungwa kwa magogo. Wanaume wenye mapanga walimwaga mfuko wake chini: majani, na vipakiti vya chembechembe nyeupe za kuyakausha. Mmoja akasema ni sumu. Bilali akawasha gari. Virginie akamwambia alizime, akashuka.

Alieleza kazi yake polepole. Mmoja wao, mkulima Muyisa, akamkatiza.

"Mama, balituulia batu, hapana mutu alikuya kuuliza hata majina yabo. Lakini majani, hiyo munafuata?"

Virginie akauliza, "Papa, ulipoteza nani?"

Panga lilibaki mkononi. "Kitsa. Mutoto yangu."

Virginie akaokota kipakiti kimoja, akafuta namba ya mti iliyoandikwa juu yake, akaandika: Kitsa. Wengine wakasogea, kila mmoja akataja marehemu wake, naye akaandika. Jua lilikuwa limeinama walipoondoa magogo.

Maabara ilimlia miaka. Alama nyingi zilimkatalia. Zilipokubali, mkubwa wake kazini alitaka miti iandikwe kwa namba tu. Mama Virginie alikataa. Majina yalibaki.

Mume wake, Luc, ametuambia hivi: "Aliogopa sana ile siku. Lakini alirudia kule Oicha, mara na mara."

Papa Luc, batoto, na jamaa yote: poleni sana. Machozi yenu ni yetu.

Nanyi wasikilizaji, mnaojenga, mnaouza mbao, mnaopakia malori kwenda Kirumba: ulizeni mbao zimetoka wapi. Kuuliza kuna hatari yake, tunajua. Mama Virginie alijua pia, na aliuliza.