Kofia ya Siku ya Ukaguzi: Maisha ya Mdogo Wangu Mtanashati

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliokuja na sare zenu za kazi, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, mshonaji, na familia imenichagua nisome kwa sababu wanasema sauti yangu inafika hadi nyuma, ingawa mjomba ameshaninong'oneza kwamba nisome kilichoandikwa na nisiongeze la kwangu. Mjomba, nimekusikia, nitasoma kilichoandikwa, na ujue kwamba aliyekiandika ni mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1976, akiwa mtoto wa tatu wa baba fundi bomba na mama muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji, na tangu utotoni hakupatana na uchafu, akianguka kwenye tope alililia kaptula na si goti, mama akishamwogesha yeye alijipangusa upya, ndipo bibi akamwita Mtanashati, na jina hilo likamganda kuliko lile la kwenye cheti.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1984 hadi Novemba 1990, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1994, ambako hesabu zilimpiga chenga mpaka mwisho, ila mwandiko wake ulikuwa mzuri hata pale majibu yalipokuwa ya kubahatisha, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu uchomeleaji mwezi Juni 1997.

Tarehe 3 Mei 1999 aliajiriwa kwenye karakana ya matangi ya mafuta, na mwaka uliofuata akahamishiwa kupiga mchanga, yaani kushika mpira mzito unaorusha mchanga kwa upepo wa kompresa ili kung'oa kutu kwenye chuma kabla hakijapakwa rangi, kazi inayotoa vumbi jembamba kuliko unga, vumbi ambalo likishaingia kwenye mapafu halitoki, na ndiyo maana mpigaji anatakiwa avae kofia inayofunika kichwa chote hadi mabegani, yenye mpira wake wa kumletea hewa safi kutoka nje ya vumbi. Karakana ile inayo kofia hiyo, msije mkasema nimewasingizia, wanayo moja, ya rangi ya chungwa, inapendeza, na inakaa kwenye kabati la vioo ofisini kwa msimamizi, karibu na vikombe vya mashindano ya mpira.

Wakaguzi walipotarajiwa, na sijui kwa nini walitarajiwa daima wala hawakuwahi kuzuka, msimamizi alifungua kabati, akamwita Mtanashati kwa kuwa hakuwa mtu wa kuchafua kitu, akamvisha, wapigaji wengine wakaambiwa wakanywe chai nyuma ya stoo, wakaguzi wakatazama, wakapiga picha, wakala, wakaaga, na kofia ikafutwa kwa kitambaa chenye unyevu ikarudishwa kabatini, kisha vijana wakatoka nyuma ya stoo, wakajifunga vipande vya fulana puani, kazi ikaendelea. Marehemu alikuwa akitusimulia mambo haya huku akicheka, akisema siku ya ukaguzi ndiyo sikukuu ya mapafu, nasi tulicheka naye.

Kuna jambo jingine ambalo wapigaji mliopo hapa mnalijua, na ninawaomba mlisikie kama mara ya kwanza. Jioni, kabla ya kutoka, mlikuwa mkigeuziana mpira wa upepo na kupulizana nguo kuanzia kwenye kola hadi kwenye viatu, mtu akizunguka taratibu kama anayepimwa suti, na vumbi lote lililokuwa limetulia kwenye nguo likapanda kumfuata usoni, sababu hakuna aliyetaka kupita mtaani mweupe kama aliyelala kwenye gunia la unga, na Mtanashati, kwa tabia yake ile, alikuwa wa kwanza kupulizwa na akaomba arudiwe mgongoni. Alifika nyumbani akiwa safi, majirani wakamsifu, wake zao wakawatolea waume zao mfano wake. Msimamizi alipita hapo kila jioni akiwaaga, na yeye ndiye aliyepelekwa kwenye semina ya usalama, akarudi na cheti na mkoba mpya, alijua kwamba nguo hizo hazipulizwi bali zinavuliwa na kufuliwa palepale kazini, akanyamaza, kwa kuwa kuwajengea bafu ni usumbufu.

Tarehe 14 Desemba 2002 marehemu alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole ambaye pia alimshinda kwa usafi, na walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume ambaye mwaka huu ametimiza miaka ishirini, wa pili wa kike anayesomea unesi, na kitindamimba ambaye bado yuko shuleni.

Mwaka 2018 marehemu alianza kukohoa, akatibiwa kifua kikuu, akamaliza dawa, kikohozi hakikuisha, akaanzishiwa tena, huku msimamizi akieneza kazini kwamba ni sigara, mtu ambaye moshi wa jirani tu ulimfanya afunge madirisha. Mwezi Machi 2021 daktari wa hospitali kuu akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, kwamba baba, unafanya kazi gani, na alipojibiwa akainamisha kichwa, akatueleza kuwa mapafu yamekakamaa kwa vumbi la mchanga na hakuna dawa ya kulitoa. Kazini walimpa kile walichokiita kazi nyepesi, wakamweka kwenye kiti cha getini, chini ya bango kubwa lenye maneno Usalama Kwanza, na picha iliyo kwenye bango hilo ni yake mwenyewe, amevaa ile kofia. Mwaka mzima alikaa hapo akihema chini ya picha yake. Hili mimi nimeshindwa kulimeza, na sitalimeza.

Alilazwa mwezi Julai 2024, na siku nesi alipomvisha barakoa ya oksijeni, marehemu alimtazama, akamuuliza kwa taabu kama leo wakaguzi wanakuja. Nesi hakuelewa. Wifi yangu alielewa, akatoka kwenda kulia koridoni. Tarehe 21 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mdogo wangu alifariki dunia, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya wanaume, hasa daktari aliyeuliza swali, majirani waliompisha kivulini kila alipopumzika njiani, na wapigaji wenzake waliombeba kwa zamu kumpeleka kliniki. Uongozi wa karakana nao tunawashukuru kwa viti hivi tulivyokalia. Ile picha kubwa mliyoleta isimame kando ya jeneza, ya marehemu na kofia, ni mimi niliyeigeuzia ukutani, msimtafute mwingine.

Na lile boksi ambalo msimamizi alimkabidhi mtoto wa kwanza wa marehemu juzi mbele ya wageni, lenye buti mpya za saizi yake, akimwambia nafasi ya baba ipo na Jumatatu aripoti, watu wakapiga makofi, kijana amelala nalo siku mbili likiwa chini ya kitanda chake, kwa sababu nyumba inahitaji mtu wa kufanya kazi na yeye ndiye mkubwa. Jana jioni alikaa na mama yake wakazungumza, na asubuhi hii ameniomba niwasomee jibu lake, kwamba yeye kazi haogopi, ataripoti siku atakayopita getini bila taarifa na kukuta kila mpigaji amevaa kofia kama ile, kabati likiwa tupu. Boksi lipo chini ya meza hii, msimamizi, utalichukua ukiwa unatoka.

Mtanashati, mdogo wangu, nimekushonea shuka jeupe, halina hata punje ya vumbi, nimelikung'uta mwenyewe. Lala, upumzike kwa amani.