Milango ya Gari Lisilo na Paa

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda hiki, na wewe mkwe wangu acha hivyo vyombo uje ukae, maana sauti niliyobakiwa nayo ni ya kusemea humu chumbani tu, si ya kukimbizana na watu jikoni. Kijana wangu mkubwa, kaa upande wa dirisha. Na wewe binti yangu, usisimame mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Kaa hapa, mbele ya kaka yako, na kama hutaki kumtazama usoni basi itazame miguu yangu. Daktari aliwaambia pale ukumbini kwamba siku zangu zimebaki chache, akidhani nimelala. Nilikuwa macho. Sikuogopa, na sasa hivi pia siogopi, kwa hiyo futeni machozi tufanye kazi.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu wawili, na haiuzwi maadamu mmoja wenu anataka kulala ndani yake. Cherehani kubwa, ile ya kushonea viti vya magari na maturubai, ni ya mkwe wangu, kwa sababu ndiye pekee hapa aliyejifunza kuipaka mafuta bila kuambiwa. Na anayetaka kununa anune sasa, nikiwa hai nimwone. Nguo za baba yenu, zile nilizoshindwa kuzitoa, zitoeni nyinyi.

Sasa gari. Gari lililoko uani nililiona mimi kabla ya baba yenu. Lilikuwa limetupwa nyuma ya karakana niliyokwenda kuchukua vipimo vya viti, paa lake la kitambaa limeliwa na panya, majani yameota sakafuni, usukani umepasuka, na bado likanikalia moyoni njia nzima, nikafika nyumbani nikamwambia baba yenu kwamba nimepata mchumba mwingine. Akaja kumwona huyo mchumba, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake tukalivuta kwa kamba hadi hapa, majirani wametoka kutushangaa, na fundi bomba wa nyumba ya pili akauliza kama tumeanza biashara ya vyuma chakavu. Baba yenu akamjibu, "Ngoja, utakuja kuomba lifti." Injini aliifungulia mezani, hapo hapo tunapolia chakula, hata chai ikawa inanuka petroli, nami nikafoka weee mpaka nikachoka. Alisema siku moja atanizungusha mji mzima, paa limekunjwa, nywele zangu zikipeperuka. Nikamwambia mimi nafunga kilemba, nywele zangu hazipeperuki kwa ajili ya mtu. Akafa injini inanguruma na bodi bado imeoza chini. Nilimpenda sana baba yenu, na nina hasira naye mpaka leo kwa kuniacha katikati ya kazi.

Yaliyofuata mnayajua, lakini mkwe wangu ameyasikia ya upande wa mumewe tu, kwa hiyo nitayasema yote. Gari la paa la bati ukilikata sakafu, paa linasaidia kulishikilia. Hili halina kitu huko juu. Nguvu yake yote iko chini, sakafuni na kwenye vile vyuma virefu vinavyopita chini ya milango. Kwa hiyo fundi hufunga kwanza vyuma vya kulishikilia, ndipo akate. Wewe kijana wangu, fundi wa kuchomelea, hayo uliyajua kuliko sisi wote. Lakini tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka makaburini, nawe ulitaka gari liishe upesi, kana kwamba likiisha baba yako atarudi kuliendesha. Ukang'oa milango, ukakata pande zote mbili bila kulifunga, na gari likabonyea katikati kama godoro kuukuu. Na wewe binti yangu, fundi wa rangi, uliyekuwa umeipiga msasa ile milango na kuipaka rangi mpaka mtu anajiona sura, ulipoirudisha ikakataa kufunga: juu imebana, chini mkono unapita. Ukamwita kaka yako mchinjaji mbele ya wateja wake. Ukamwambia, "Baba alikufa mara moja, wewe umemuua mara ya pili."

Akabeba vyuma vyake akaondoka, nawe ukabeba milango yako. Tangu siku hiyo salamu zenu zinapitia kwangu. "Mama, mwambie huyo mwanao." "Mama, muulize huyo binti yako." Nimekuwa posta. Sasa posta inafungwa, wanangu, na iliniumiza kila siku niliyoifungua. Binti, usibinue mdomo; neno lile lilikuwa baya kuliko kosa lenyewe. Na wewe, usitabasamu, maana ulingoja uombwe radhi huku wewe mwenyewe hujaomba.

Sikilizeni msilolijua. Gari halijafa, limepinda tu, nami nimelinyoosha. Ndiyo, mimi. Mnakumbuka nilikata kadibodi kwa umbo la milango ile, nipate kipimo cha kushonea ngozi ya ndani, kabla gari halijapinda? Nilikuwa nayo bado. Fundi bomba akaniletea jeki na ubao mnene, tukaviweka chini katikati, na kila asubuhi baada ya chai nikawa naizungusha jeki kidogo, kidogo sana, kisha naiweka kadibodi pale mlango unapokaa. Ilikataa, ikakataa, hata siku moja ikaingia, mwanya sawa juu na chini. Nilipiga vigelegele peke yangu uani, fundi bomba akaruka ukuta akidhani nimeanguka.

Lakini jeki ndiyo inayolibeba. Ikiondoka, linalala tena. Lazima vyuma vya chini vichomelewe milango ikiwa mahali pake, imefungwa, kwa sababu moto huvuta chuma, na mtu lazima autazame ule mwanya muda wote. Anayechomelea yuko chini, haoni mlango. Anayetazama mlango haoni chini. Basi mmoja aseme, "Inua kidogo, simama, hapo hapo," na mwingine aitikie. Nimelala hapa nikitafuta namna ya kuifanya kazi hiyo kwa watu wasiosemeshana, na haipo. Fundi mwingine simtaki. Gari ni lenu wawili, na atakayeomba ligawanywe, mkwe wangu alichukue lote.

Niliwaambia kila mmoja aje na vitu vyake nivione mara ya mwisho. Vyuma nimeviona. Milango nimeiona, na blanketi uliloifungia, binti yangu, ni zuri kuliko langu. Sasa viende mahali pake. Paa nimeshalishona, liko juu ya kabati, mshono mara mbili. Atakayesema linavuja alimwagie maji aone.

Mnizike karibu na baba yenu, kwa maneno machache. Msinibebe kwenye lile gari; lile ni la walio hai.

Inameni. Mungu awape mikono isiyotetemeka na ndimi zisizochoma. Awape watoto wanaogombana na kupatana siku hiyo hiyo. Radhi yangu nimewapa sawasawa, hakuna aliyepunjwa. Nendeni. Sasa, si kesho. Dirisha mliache wazi.

Mkwe wangu, wewe baki. Nipandishie mto. Hivyo... Wamefika? Turubai wamelivuta, nimesikia... Mbona kimya? Huo ni mlango, unaingia kwenye bawaba. Na wa pili... Bado kimya. Vichwa vigumu hawa, baba yao mtupu... Hiyo ni mashine ya kuchomelea. Mbona ameizima?... Usinipe maji, ngoja... Sikia. Nani huyo? Amesema, "Kaka, inua kidogo"? Amesema kaka?... Na yeye amejibu nini, mwanangu, masikio yangu... niambie wewe... "Hapo, dada?"... Basi... Usifunge dirisha. Waache... waache waseme.