Maiti Anayepumua

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate la Skelbeck, juu kabisa ya mteremko, mahali ambapo upepo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, haumstahi mtu. Kila Jumapili asubuhi tunakunywa kahawa ya Enid kutoka kwenye chupa yake na kugombania ile tamthilia ya polisi iliyopigwa picha hapa mjini kiangazi kilichopita. Inspekta anakula keki mbele ya maiti, sajini anapoteza ushahidi, na nchi nzima inacheka. Maiti mwenyewe ni Hilda, mke wa Clifford. Walimchagua miongoni mwetu, wakampaka unga wa kijivu, wakamlaza kwenye meza ya chuma. Februari Hilda akafa kweli, kifua kilimshinda. Machi tamthilia ikaanza kuonyeshwa, na tangu hapo kila Jumapili jioni Clifford humwona mkewe. Leo ni sehemu ya mwisho, naye amesema haangalii.

— Huangalii? Trevor alimaka. Zamani alikuwa na bucha, nasi humwita Daktari wa Maiti. — Tumevumilia upumbavu wa inspekta wiki zote hizi, leo muuaji anatajwa, wewe unakwenda kulala?

— Nimechoka na polisi wanaopotea ndani ya kituo chao wenyewe, alisema Clifford.

— Muuaji ni kasisi, alisema Enid. Mtu apande mawaridi yote yale? Kuna kitu anafukia.

— Kasisi alikuwa anapiga kengele saa ya mauaji, mama wee! alisema Trevor. Ni sajini. Ndiyo maana ushahidi unapotea.

— Sajini yupi? Yule anayeshindwa kufungua pakiti ya biskuti?

— Anajifanya! Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo methali inaingiaje hapa, Trevor?

— Inaingia tu. Tena nisikilizeni, maana nyinyi hamna macho. Hakuna muuaji. Hakuna hata maiti! Nimekata nyama maisha yangu yote, iliyokufa naijua. Pale inspekta anapodondosha makombo juu ya shuka, litazameni shuka lenyewe. Linapanda, linashuka. Yule mama hajafa!

Enid alimkanyaga mguu, lakini neno lilikwisha kutoka. Trevor hana ubaya. Huo ndio ulimi aliopewa. Clifford aliweka kikombe chini.

— Ni pumzi, we mwuza soseji! Pumzi tu! Hilda alikuwa na pumu. Walimwambia aizuie mpaka wamalize, akashindwa. Wakarudia, wakarudia tena, mwisho mwongozaji akasema basi, liwalo na liwe. Akarudi nyumbani anacheka mpaka anakohoa. Aliniambia, "Cliff, Uingereza nzima hakuna maiti mbovu kama mimi."

— Samahani, mzee mwenzangu.

— Sitaki samahani. Nyamaza. Mara moja tu maishani mwako, nyamaza.

Trevor alijitahidi. Midomo ilimcheza.

— Maiti haulizwi sanda, alinong'ona, na hakuna aliyejua kwa nini aliisema.

Clifford alifumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Imogen, binti aliyehamia wiki hii chumba cha juu ya duka, alikuwa ametoka na mkate wake, akasimama kutusikiliza kwa kuwa benchi lilijaa.

— Samahani, na leo yumo?

— Nani?

— Huyo mama anayepumua. Kwenye sehemu ya mwisho, ataonekana?

Trevor alimtazama Enid. Enid akatazama kahawa yake. Mimi nikatazama bondeni. Hilda alilazwa kwenye ile meza ya chuma siku moja tu. Picha zake walizikata na kuzitawanya wapendavyo, na hakuna aliyetuambia zinaishia sehemu ipi. Hata Clifford hakujua. Aliibana mikono katikati ya magoti.

— Enid, alisema mwishowe, kochi lako lina nafasi?

— Lina.

— Basi nitakuja. Lakini huyu Trevor akae jikoni.