Mbwa wa Kikapuni

Kwenye basi la kupanda mtaa wa kilimani wa Vomero, bibi mmoja alikuwa amempakata mbwa mdogo, mzee, pua imeota mvi. Bwana wa kiti cha pili akamtazama mbwa, akakohoa. "Samahani mama, huyo si Pallina? Yule wa kikapuni?"

Bibi akageuka. "Kumbe ndiyo sura yako! Wewe wa barakoa ya maua!"

Nikatega sikio bila haya. Wakati wa korona, kutoka nje kulipopigwa marufuku, anayetembeza mbwa hakusumbuliwa sana na polisi, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa ukimwazima Pallina. Ili watu wasikaribiane, bibi alimshusha kwa kamba kutoka ghorofa ya nne, katika kikapu chake cha kupandishia mkate.

"Mlimchosha mwanangu," bibi akalalamika. "Matembezi sita kwa siku! Alikuwa anarudi ulimi nje."

"Yangu yalikuwa ya jioni tu. Na wewe ukiniimbia kutoka juu."

"Nikuimbie wewe? Nilikuwa namwimbia mbwa!"

"Haya. Lakini niliyesikia ni mimi."

"Mbona marufuku ilipoisha hukuja hata siku moja?"

"Ningekuja kwa kisingizio gani, mama? Mbwa umerudishiwa, milango iko wazi."

Bibi akamkuna Pallina masikio. "Siku hizi ngazi zinamshinda. Kikapu kipo, kamba ipo. Wa kumpokea chini ndiye hayupo."

Basi likasimama. Bwana akatangulia kushuka, akageuka pale mlangoni, akainua mikono yote miwili, kama mtu anayengoja kikapu.