Fataki Zilichelewa Kufika Kawempe

Mimi ndiye Sulaimani mwenye birika, na benchi hili la Kisenyi, hapa Kampala, ni langu, ingawa ukiona hawa wanavyolikalia utadhani wamelirithi kwa baba zao. Liko nyuma ya gereji, mkabala na maduka ya jumla ya Wasomali. Kila asubuhi nauza kahawa ya tangawizi, na kila asubuhi maneno yao yananichosha. Wa kwanza kufika ni Uthman, fundi wa magari, tunamwita Injini kwa sababu akishawaka hazimiki. Wa pili ni Khisa, fundi umeme, Mkenya wa Bungoma. Huyo ni Waya. Wa tatu ni Anselme, fundi cherehani kutoka Bukavu, na huyo hana jina la utani, kwa kuwa ni mpole mno hata kumtania unaona aibu. Tangu mwaka mpya wana habari moja tu: Marie-Jeanne, mke wa Anselme, haongei. Si kwamba amenuna. Sauti haitoki, na daktari wa hospitali pale Mulago alimulika koo akasema koo ni zima.

Injini: Rudia tena, Waya. Polepole. Mimi nataka kujua kosa liko wapi.

Waya: Nimerudia mpaka nimechoka, bwana. Ile hoteli ya kilimani ilitaka shoo ya mwaka mpya, taa na fataki vicheze pamoja na muziki. Kompyuta moja inaendesha vyote. Ngoma zikiingia, taa zinakuwa nyekundu na fataki zinapasuka hapo hapo. Kinanda kikiingia, taa zinakuwa buluu, hakuna mlio. Mimi nilivuta nyaya wiki nzima. Ule wimbo nikaujua kama jina langu.

Injini: Ndipo ukamfundisha shemeji.

Waya: Aliomba mwenyewe. Anselme, si aliomba?

Anselme: Aliomba. Kila mwaka mpya, fataki zikianza, bibi yangu anaingia chini ya kitanda. Kwake ile ni masasi, risasi za vita. Ni ile siku tulikimbia kwetu. Mwaka huu akasema, mimi nataka nione hiyo kitu mara moja, kama watu wengine. Nikijua itapasuka wakati gani, sitaogopa.

Hilo ni kweli, nililisikia. Marie-Jeanne ni mtu wa kwaya, mdundo haumponyoki. Waya alileta wimbo kwenye simu yake, wakafanya mazoezi hapa hapa benchini: ngoma, ziba masikio; kinanda, achia. Fataki nilikuwa mimi, nagonga kifuniko cha birika kwa kijiko. Hakukosea hata mara moja. Alikuwa akicheka mpaka wale Wasomali wanatoka dukani kuangalia kuna nini.

Injini: Na siku yenyewe?

Anselme: Tulipanda juu ya nyumba ya mwenye ploti, kule Kawempe tunakokaa. Redio ilikuwa inatoa ule muziki moja kwa moja kutoka hotelini. Taa tuliziona vizuri, zinafagia mawingu. Ngoma zikaingia, nyekundu, akaziba. Fataki tukaziona zinafunguka juu ya kilima. Kinanda kikaingia, buluu. Akaachia. Akaniangalia, akacheka. Mimi niliona meno yake yote. Halafu sauti ikafika.

Hapo Anselme huinamia kikombe chake. Kila siku ni hapo hapo, na kila siku hakuna anayejua aangalie wapi.

Waya: Kwenye mazoezi ya hoteli hawalipui fataki, ndugu zangu. Wanawasha taa na muziki tu. Fataki ni siku ile ile. Na siku ile mimi nilikuwa pale uwanjani, chini ya spika, kila kitu kikaja pamoja, nikafurahi. Sikufikiria Kawempe. Mwanga umefika, redio imefika, mlio bado uko njiani. Ukamkuta masikio wazi. Moja, halafu nyingine, halafu nyingine.

Injini: Ulikwama Bwaise.

Waya: Nini?

Injini: Mlio. Kutoka kilima kile mpaka Kawempe, katikati kuna Bwaise, na Bwaise ni maji matupu. Gari zima linakwama pale, sembuse mlio.

Nikamwambia anywe kahawa yake. Akanywa, lakini ukimpa Injini kahawa ni kama umemwongezea mafuta.

Injini: Hapana, sikilizeni. Gari likiharibika taimingi, hubomoi gari. Unarudisha taimingi. Shemeji macho yametangulia, masikio yamebaki nyuma. Dawa ni kumpeleka karibu. Pasaka hoteli watafanya shoo nyingine. Tumweke pale pale zinaporushwa, aone na asikie kwa pamoja. Sauti itarudi palepale.

Waya: Utamuua.

Injini: Wewe una dawa gani?

Waya: Naazima zile taa. Naziweka uani kwao, nyekundu, buluu, wimbo unalia, fataki hakuna. Asubuhi na jioni. Mpaka mwili wake ukubali kwamba buluu ni buluu.

Injini: Taa za hoteli, uani Kawempe? Ukiziwasha mtaa mzima unabaki gizani.

Waya: Wabaki. Nitawaomba msamaha mmoja mmoja.

Injini: Basi nyinyi hamfikirii mbali. Wimbo tuupige kinyumenyume. Kilichomwingia mwanzo, kimtoke mwisho.

Anselme: Hiyo inawezekana?

Hakuwa anatania. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na anamtazama Injini kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Banange, iliniuma. Injini naye, alipoona amepata mtu wa kumsikiliza, akazidi kupanda: kwaya nzima ya kanisa iufundishwe wimbo kuanzia mwisho, mtangazaji wa redio aombe radhi kwa kumtaja mama kwa jina, hoteli iwashe taa mchana, na magari yote ya Kisenyi yapige honi mahali penye ngoma. Waya akaanza kubisha kuhusu honi. Alisema honi hazishiki mdundo.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando yangu, mfuko wa safari begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilidhani anataka kahawa. Nikamimina, akakataa kwa mkono, akiwa anawasikiliza wale. Alisikiliza kwa muda, uso wake ukiwa umefanana na mtu niliyemjua, sikumkumbuka ni nani mpaka Anselme alipogeuka.

Anselme: Darlène.

Darlène: Shemeji. Nimetoka kambi ya wakimbizi, Nakivale, nilipopata habari. Pale stendi niliuliza Wakongo, wakaniambia wewe asubuhi unapatikana kwenye benchi la kahawa.

Anselme: Huyu ni mdogo wake na Marie-Jeanne. Wamefuatana tumbo.

Watu wakasogea, nafasi ikapatikana. Hakukaa.

Injini: Karibu, nyabo. Tuko kwenye shauri la dada yako hapa. Wewe unasema aje, wimbo upigwe mbele au nyuma?

Darlène: Sasa hivi yuko na nani?

Injini: Nani?

Darlène: Dada yangu.

Anselme: Yuko nyumbani.

Darlène: Sijauliza yuko wapi, shemeji.

Anselme akamtazama Waya. Hawa wawili ni majirani, ploti moja.

Anselme: Si anakaa na mke wako, Nanyama?

Waya: Nanyama ameanza kazi saluni tangu wiki iliyopita. Mimi nilijua unakuwa naye wewe asubuhi.

Anselme: Asubuhi mimi niko hapa.

Waya: Ndiyo. Uko hapa.

Waya alitoa simu, akapiga, akaiweka sikioni. "Nanyama, uko wapi?" akauliza. Akasikiliza. "Hapana, hakuna. Endelea na kazi." Akairudisha mfukoni bila kumtazama mtu.

Anselme alikuwa ameshasimama. Kikombe hakukiweka chini, alinipa mimi mkononi, cha moto, kimejaa. Akaubeba mfuko wa shemeji yake, wakaanza kuondoka.

Waya: Tuje nanyi?

Darlène alisimama, akafikiri.

Darlène: Anayeweza kukaa naye kimya, aje.

Waya akatazama mikono yake. Halafu akainuka, akawafuata, akiwa nyuma yao hatua kadhaa. Mimi nikamgeukia Injini. Alikuwa amefungua mdomo, na machozi yamemjaa, mtu mzima yule.

Injini: Mimi sitaweza, Sulaimani. Unanijua.

Nikaweka vikombe kwenye ndoo, nikasogeza makaa. Injini alibaki amekaa mwisho wa benchi, magari yake yakimsubiri gereji, mikono juu ya magoti. Wateja walikuja wakamsalimia, akaitikia kwa kichwa tu. Alikaa hivyo mpaka kahawa iliyobaki kwenye kikombe chake ikapoa. Nadhani alikuwa anajaribu kama ataweza.