Fundi Aliyeogopa Upepo: Maisha ya Lukasi Kasiani Nampunju, 1932–1984

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo Alhamisi kumsindikiza Lukasi, familia imeniomba mimi, mdogo wake Felista, niwasomee maisha yake. Nitayasoma kama yalivyokuwa. Marehemu alikuwa mtu mwoga. Mwenyewe hakulificha hilo alipokuwa hai, nami sioni sababu ya kumfichia leo.

Lukasi alizaliwa Nanyamba tarehe 4 Machi 1932, mtoto wa kwanza wa Mzee Kasiani Nampunju na Mama Anastazia, wakulima wa mihogo na korosho. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba mawingu yakitanda, Lukasi alikamata pindo la kanga yake na hakuliachia mpaka mvua iishe, hata kama mama alikuwa anatwanga.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akaacha mwaka 1945 baba alipougua. Mwaka 1949 alikwenda Mtwara, wakati bandari na reli vinajengwa, akajifunza uashi na kazi ya vyuma. Mwezi Aprili 1952 alikuwa Lindi kikazi pamoja na rafiki yake Omari. Kimbunga kikawakuta huko. Bati liliruka kutoka kwenye paa, likamkata Omari, naye akafia mikononi mwa Lukasi. Tangu hapo hakuwahi tena kujenga kitu chepesi. Watu wa Magomeni, alikoishi baadaye akifanya kazi ya uashi serikalini, watakumbuka banda lake la kuku. Lilikuwa na msingi wa mawe. Walimcheka, na wenye mabanda ya makuti wakamwomba awahifadhie kuku wao masika yalipochachamaa.

Tarehe 12 Agosti 1961 alifunga ndoa na Magreth, muuguzi kutoka Masasi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Elia, Erasto na Anastazia. Mwaka 1969 waliitika wito wa ujamaa, wakahamia kijiji kipya bondeni, kando ya Ruvuma. Hapo ndipo alipopatwa na msiba ambao nisipousema, yanayofuata hayataeleweka.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Wanamgambo walituamuru tufunike mabati kwa majani ili yasing'ae, maana ndege za Wareno zilikuwa zikivuka mpaka. Asubuhi moja ya Julai 1972 upepo ulipeperusha majani kwenye nyumba ya Lukasi. Ndege ikaja, ikaangusha mabomu. Elia, mwenye miaka tisa, alikuwa kisimani, bomu likamkuta huko. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika rubani aliona nini, lakini Lukasi aliamini maisha yake yote kwamba aliona bati lake. Tukauacha mto, sisi na baadhi ya majirani, na kuja hapa, karibu na Madimba, Magreth alipopangiwa zahanati yetu. Watu wakaendelea kumwita Baba Elia, naye akaitika.

Mwaka 1982 mafuta ya taa yaliadimika, mnakumbuka. Mwezi Juni daktari mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao alimwachia Magreth vioo viwili vya umeme wa jua na betri ya lori. Lukasi alipoviona vikimeta alitoka nje. Alikataa hata kuvigusa. Magreth akamfuata.

"Baba Elia, juzi nimezalisha kwa mwanga wa majani makavu yanayowaka mlangoni. Na mimi naogopa. Naogopa kila mama anayeletwa kwangu jua likiwa limezama."

Kesho yake Lukasi alianza kuchimba. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bakari, alimshauri avipandishe juu ya paa watoto wasivichezee. Lukasi akamjibu kwamba bati huruka, yeye amekwisha kuona. Tena akisikia ndege angani anataka vioo viwe mahali ambapo mkono wake utafika upesi avifunike kwa mkeka. Kwa hiyo vitakaa chini.

Alichagua mahali mbele ya nyumba yao, penye jua kutwa nzima, mbali na kivuli cha mikorosho. Kwa nguzo alipata vipande vya reli ya zamani, ile iliyong'olewa. Mchanga wetu hakuuamini, kwa hiyo alichimba mashimo kupita kiuno, akayapanua chini kuliko juu, ili zege likishika lisiweze kuchomoka. Saruji ilikuwa masalio ya ujenzi wa shule. Alilifunika zege kwa magunia na kulimwagia maji kila siku, akingoja likomae bila haraka. Ndipo akafunga fremu ya vyuma vya pembe, imetazama kaskazini na kuinama kidogo tu, mvua ioshe vumbi. Chini ya kila nati aliweka kipande cha tairi, na alipomaliza kukaza aligonga ncha za bolti kwa nyundo zisifunguke tena.

"Fundi, hiyo ni ya vioo au ya kumfungia tembo?" Mzee Bakari alimuuliza.

"Ya upepo," Lukasi alisema. "Tembo namsikia akija."

Usiku akinamama wakaanza kujifungua kwenye nyumba ya Magreth badala ya zahanati, chini ya taa ya umeme huo wa jua. Lukasi alisaidia kubeba maji, lakini macho yake yalikuwa juu muda wote.

Jumamosi, tarehe 27 Novemba 1982, saa nne asubuhi, ndege ndogo ilitokea upande wa mto, chini kabisa. Lukasi alikuwa shambani. Alikimbia na kufunika vioo, lakini ndege ilikuwa imekwisha kupita, ikageuka, ikapita tena. Kijiji kizima kilikimbilia kwenye mihogo. Mimi nililala juu ya watoto wa watu nisiowajua. Iliporudi ng'ambo bila kuangusha kitu, hakuna aliyefurahi. Wareno walikwisha kuondoka, lakini ng'ambo vita vingine vilikuwa vimeanza; tuliona imekuja kupeleleza, na itarudi.

Watu walikusanyika mbele ya nyumba ya Lukasi na mashoka na majembe. Mussa, ambaye leo yumo kati ya waliobeba jeneza, alikuwa mbele. Mkewe, Rehema, alikuwa ameanguka akikimbia na tumbo lake kubwa, na uchungu ukamshika.

"Kioo chako kinatuitia ndege," Mussa alisema. "Kule mtoni ulikwisha kutuponza. Na huku tena?"

Tulidhani Lukasi atakasirika. Alikwenda ndani, akatoka na spana na nyundo kubwa.

"Tukitoe," alisema. "Kitoke sasa hivi."

Alijaribu bolti, ikagoma. Wanaume wanne walishika nguzo wakaisukuma na kuivuta huku wakihema, nguzo ikakaa palepale. Hofu yake ilikuwa imejenga vizuri mno. Sasa alipotaka kubomoa, haikumruhusu. Mwishowe aliondoa mkeka, akainua nyundo apige kioo chenyewe.

Magreth akatokea mlangoni, mikono imelowa.

"Baba Elia, weka chini. Mtoto wa Rehema ametanguliza miguu, na hatatoka kabla ya usiku. Betri ni tupu, jana nilimhudumia mama mwingine mpaka asubuhi. Nataka vioo hivyo vikae wazi juani mpaka jioni."

"Wazi?" Lukasi aliuliza.

"Wazi. Bila mkeka."

Mussa alimtazama mke wa Lukasi, kisha akatazama angani.

"Shemeji, ndege ikirudi je?" alisema.

Aliyejibu ni Lukasi, akiwa bado ameshika nyundo. "Ikirudi itanikuta hapa. Wengine nendeni mkajifiche. Wachukueni na watoto wangu."

Wakaenda. Yeye alisimama kando ya vile vioo mchana kutwa, mkeka mkononi, jua likimchoma. Kila nzi aliyevuma alimshtua. Mussa alikwenda hatua chache, akarudi, akasimama upande wa pili. Jioni waliziba madirisha kwa mablanketi, taa ikawashwa, na kabla ya mapambazuko Rehema alijifungua mtoto wa kike, akiwa hai na mama yake akiwa hai. Mwanahawa yuko pale, mgongoni kwa bibi yake.

Baadaye tuliambiwa ile ilikuwa ndege ya watu wa vipimo vya ramani. Lukasi alifurahi kusikia hivyo, ila hakuacha kuangalia juu.

Mwanzoni mwa mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, akawa hawezi kulala bila kuketi. Alilazwa hospitali mjini Mtwara, madaktari wakasema ni moyo. Walimhudumia kwa upendo, nasi tunawashukuru. Mwezi Septemba aliomba arudishwe nyumbani. Jumapili iliyopita, baada ya sala, aliniita.

"Felista, naogopa."

"Unaogopa nini, kaka?"

"Huko. Sijui kukoje."

Nilitaka kumwambia asiogope, kama tunavyowaambia wagonjwa wote. Magreth alinisogeza pembeni, akapanda kitandani, akamkumbatia kwa nyuma.

"Wewe ogopa tu, Baba Elia," alimwambia. "Mimi nimekushika."

Hakumwachia tangu hapo, ila kwa mahitaji yasiyoepukika. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 16 Oktoba 1984, saa tatu asubuhi. Nilikuwepo. Alikuwa bado anaogopa, na alikuwa ameshikwa.

Ameacha mjane, Magreth, watoto wawili, Erasto na Anastazia, mjukuu mmoja, na mimi dada yake, pamoja na kijiji hiki kilichomzoea. Ametanguliwa na wazazi wetu, na mwanawe Elia.

Lukasi, kaka yangu, Bwana akupokee na kukupa pumziko lisilo na hofu. Amina.